Waacheni watu wa dari wazomee

Wasee, kuna jumba la opera kule Milan, Italia, linaitwa La Scala. Wengi wakiliona kwa video wanaona velveti nyekundu, dhahabu na matajiri wamevaa suti. Mimi macho yangu huenda juu kabisa, karibu na dari. Huko kunaitwa loggione, mahali pa viti vya bei ya chini, na waimbaji wanapaogopa vibaya sana.

Turudi nyuma kidogo. Jumba la kwanza liliungua mwaka wa 1776. Familia tajiri zikachanga doo ya kujenga lingine, kila moja ikapata kijichumba chake cha kutazamia. La Scala ikafunguliwa tarehe 3 Agosti 1778. Na hao wadosi walikuwa wanafanya nini humo ndani? Walikula, wakapiga stori, wakacheza kamari, muziki ukiendelea!

Ndiyo maana nawapenda watu wa dari. Wao walikuja kusikiza, na mpaka leo ukiwaboesha watakuzomea.

Najua utaniambia kuzomea ni roho mbaya. Kweli, inauma. Februari 1904 Puccini alileta Madama Butterfly hapo La Scala, ukumbi ukamzomea mpaka akaiondoa baada ya usiku mmoja. Labda wengine walikuwa na chuki tu. Lakini jamaa hakuacha kazi. Alikata hapa, akarekebisha pale, ile sehemu ya pili iliyokuwa ndefu akaigawanya. Mwezi wa Mei mwaka huohuo akaipeleka mji wa Brescia, ikashangiliwa. Leo ni kati ya opera zinazopendwa zaidi duniani.

Sisemi hawakosei. Desemba 2006 walimzomea Roberto Alagna kwenye Aida, tena mwanzoni tu, ndio amemaliza wimbo wake wa kwanza. Akatoka jukwaani akaenda zake. Mwimbaji wa akiba akasukumwa mbele na nguo zake za kawaida! Hapo naona walizidisha. Hata mtu hajaingia gia, ushamhukumu?

Msimamo wangu ni huu: aliyelipa kidogo ana haki ya kusema kazi ni mbaya sawa na aliyelipa mamilioni. Ila asikize kwanza mpaka mwisho, na azomee kazi, si mtu.

Mimi mwenyewe nikipost, mabeshte huniambia "umeua" hata kabla video iishe. Asanteni, lakini hiyo hainisaidii. Nipeeni mtu mmoja wa dari.

Wewe je, ungezomea ama ungepiga makofi tu ya heshima?