Uzuri wa Mkakasi Haufungi Gari

Wahenga walinena: uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii hunijia kila nimwonapo mtu aliyejitwika kazi ya kufufua gari kuukuu aking'oa bolti zote zilizoshika kutu, kisha akatia badala yake zile zimeremetazo kama fedha, zilizoundwa kwa chuma kisichoshika kutu. Gari hung'ara na wapita njia husifu. Lakini, je, gari hilo ni salama?

Si lazima liwe salama, na sababu zi wazi. Bolti ya chuma yenye chapa ya 8.8 kichwani hukatika ivutwapo kwa megapaskali 800 hivi, na huanza kurefuka bila kurudia hali yake ya awali ifikapo 640. Ile ya kumeremeta, yenye chapa ya A2-70, hukatika kwenye 700, lakini kurefuka huanza mapema, kwenye 450. Jicho halioni tofauti hiyo. Itaonekana siku bolti ya usukani itakapolegea mteremkoni.

Hebu tuitazame Land Rover ya kwanza, iliyozinduliwa mwaka 1948. Bodi yake ni ya aloi ya alumini, fremu yake ni ya chuma. Metali mbili zikigusana penye unyevu, hasa ule wa chumvi kama wa pwani yetu, moja huliwa kwa ajili ya nyingine. Hapo alumini ndiyo iliwayo. Bolti isiyoshika kutu huweza kuzidisha ulaji huo, ilhali iliyopakwa zinki huupunguza, kwa kuwa zinki hukubali kuliwa kwanza. Haipendezi mno machoni, lakini hutumika kama mlinzi mwaminifu.

Fauka ya hayo, kuna suala la hesi, yaani ile mizingo iliyochongwa kwenye bolti. Mwaka 1841 Mwingereza Joseph Whitworth alipendekeza hesi zenye pembe ya digrii 55. Mwaka 1948 Uingereza, Marekani na Kanada zilikubaliana kutumia hesi za pamoja zenye digrii 60. Bolti ya nusu inchi ya Whitworth ina mizingo 12 kwa kila inchi. Ile ya hesi pana za mapatano hayo ina 13. Fundi asiyepima huilazimisha kwa spana, ikaingia nusu na kuliharibu tundu zima.

Sisemi kwamba bolti za kumeremeta zipigwe marufuku. Kioo cha pembeni na kibao cha nambari vyaweza kuzivaa bila madhara. Ninalopinga ni kuchagua kwa macho pale panapohitaji kuchaguliwa kwa kipimo. Penye breki, usukani na springi, iangaliwe kwanza chapa ya nguvu, kisha hesi, na mng'aro uje mwisho.

Walimu wa fizikia na kemia, somo hili ni lenu pia. Wapelekeeni wanafunzi bolti mbili darasani, wasome chapa zake, wahesabu mizingo yake, waeleze kwa nini zinki huliwa kabla ya chuma. Mwanafunzi aliyefunzwa hivyo, akiwa fundi kesho, hatamkabidhi mteja gari zuri la kumwulia njiani. Gari la kale limetunza maisha ya waliolipanda kwa miongo mingi. Tusilifufue kwa namna itakayolifanya liyatoe.