Ng'ombeni haiandikwi Ngombeni

Nimepotea kidogo, mitihani ilinibana. Leo nimekuja kulalamika, na wa kulalamikiwa ni mimi mwenyewe.

Niliandika skripti ya PHP, zile za kuendesha kwa amri siyo kwenye brauza, ya kupanga orodha ya wanafunzi wa Pemba tunaorudi nyumbani kwa boti moja. Kwetu ni Shumba Vyamboni, Micheweni, basi nikaanza kujaribia kwetu:

SHEHIA=Shumba Vyamboni php orodha.php

Ikagoma. Sheli (siyo ile ya mafuta jamani!) inakata maneno penye nafasi. Ikachukua Shumba kuwa thamani, Vyamboni ikadhani ni amri, ikaitafuta ikaikosa. Dawa yake ni SHEHIA="Shumba Vyamboni". Ndani ya PHP nikasoma kwa getenv('SHEHIA'), maana $_ENV mara nyingi unaikuta tupu, inategemea variables_order kwenye php.ini.

Nikajiona fundi. Ikaja Ng'ombeni ya Mkoani. Nilikuwa nimeandika hivi:

exec("grep '$shehia' majina.csv")

Alama ya ritifaa ikafunga nukuu katikati ya jina, amri ikavunjika, na mimi sikuangalia kama kuna kosa lililorudi. Orodha ikatoka bila hata mtu mmoja wa Ng'ombeni. Kaka mmoja kafika bandarini na begi lake, tiketi hana.

Ushauri niliopewa? "Andika Ngombeni tu, yaishe." Hapo nakataa kabisa. Kung'oa na ngoa ni kitu kimoja? Jina la kwao mtu halikatwi kwa sababu ya uvivu wa programa. Na leo ni ritifaa, kesho mtu anaingiza nukta-mkato na amri ya kufuta mafaili, sheli inatii tu.

Kazi yenyewe ni neno moja: escapeshellarg($shehia). Inafunga jina zima ndani ya nukuu na ritifaa ya ndani inabaki salama. Ila zile nukuu zako ulizoweka kwa mkono zitoe. Na tangu PHP 7.4, proc_open inapokea amri kama array, hapo sheli hupiti kabisa.

Kaka nimemwomba radhi, nauli ya safari ya pili nimelipa mimi. Somo limeniingia kupitia mfukoni.

Haya, nyie wenzangu mnasemaje? Karibuni maoni.