Mgonjwa wa neva asiachwe kitini

KATIKA nyumba nyingi huku Rongo, mtu akilegea miguu huketishwa. Huwekewa kiti mlangoni, akaletewa chakula na maji ya kunawa, na akijaribu kuinuka huambiwa, "Tulia mama, usijichoshe." Hayo hufanywa kwa mapenzi, lakini ni mapenzi yanayolemaza.

Ninazungumzia hasa ugonjwa uitwao maltipo sklerosisi. Kinga ya mwili hugeuka na kushambulia utando unaofunika neva za ubongo na uti wa mgongo. Ni kama waya wa umeme uliobambuka mpira wake: ujumbe wa ubongo huchelewa au haufiki. Mgonjwa huona ukungu, hufa ganzi, hukosa nguvu miguuni na huchoka kupita kiasi. Mara nyingi huanza kati ya miaka 20 na 40, na huwapata wanawake zaidi. Hauambukizi, wala si chira.

Zamani hata madaktari waliwakataza wagonjwa hawa mazoezi. Mnamo 1996 watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, Marekani, walionyesha kuwa wagonjwa waliofanya mazoezi kwa wiki 15 walipata nguvu na pumzi zaidi, bila ugonjwa wao kuzidi.

Kweli, mazoezi hayauponyi ugonjwa. Lakini misuli isiyotumika hukauka, viungo hukakamaa, na anayelala bila kugeuzwa hupata vidonda. Hasara hiyo inazuilika. Mgonjwa anaweza kunyoosha miguu, kusimama na kuketi huku ameshika meza, na kutembea uani kwa mkongojo. Afanye asubuhi au jioni, kwa maana joto huzidisha udhaifu, na apumzike kabla hajachoka kabisa. Kipimo chake kipangwe na mtaalamu wa tiba ya viungo. Dalili mpya zikizuka ghafla, amwone daktari.

Hapo ndipo penye shida. Kuutambua ugonjwa huu huhitaji picha ya MRI, na wengi husafiri mbali kuipata. Safari hiyo ni ya mara moja moja. Familia zinaweza kuichangia. Lakini mazoezi ni ya kila wiki, kwa miezi na miaka. Nani atamwinua mgonjwa kwenye matatu kila wiki, na kwa nauli ipi?

Maoni yangu ni kuwa mtaalamu ndiye amfuate mgonjwa. Kaunti za Migori na Homa Bay zitenge siku maalumu za tiba ya viungo katika zahanati za vijijini. Tena wahudumu wa afya ya jamii, ambao tangu 2023 wamepewa mikoba ya kazi na huzuru nyumba zetu, wafunzwe mazoezi haya machache. Hata waliopatwa na kiharusi, ambao ni wengi zaidi, watafaidika.

Nasi jamaa, tusingoje kaunti. Leo jioni mpe mgonjwa wako mkono, asimame. Haba na haba hujaza kibaba.