Seva ikijaa, ifunge geti
Na Mwanaidi Shomari

Matokeo ya kidato cha nne yakitoka, mzazi hafungui tovuti mara moja. Anafungua, duara linazunguka, anabonyeza upya. Mtoto yuko chumbani naye anabonyeza, na shangazi wa Tabora ameshatumiwa namba ya mtihani. Mtahiniwa mmoja, watu watatu mlangoni. Kisha tunasema "mtandao umejaa", na wataalamu wanaomba bajeti ya seva kubwa zaidi.

Sipingi seva kubwa. Napinga seva isiyojua kukataa. Kila ombi linalopokewa hukalia nafasi ndani ya mashine hadi lijibiwe. Maombi yakizidi hupanga foleni, na foleni ikirefuka, jibu hutoka wakati mwombaji ameshachoka na kubonyeza upya. Seva inamhangaikia mtu aliyekwisha kuondoka, huku ombi lake la pili likisubiri nyuma. Hapo mashine inachemka na hakuna anayepata kitu.

Pale kivuko cha Magogoni, Dar es Salaam, pantoni ikijaa geti hufungwa, abiria akangoja inayofuata. Intaneti nayo ina geti lake tangu zamani: jibu namba 503, kwamba huduma haipatikani kwa sasa, lenye nafasi ya kutaja sekunde za kusubiri. Ukurasa wake unaweza kuwa mistari miwili isiyogusa kabisa hifadhidata. Lakini wengi wanatuachia duara.

Wamarekani walijifunza kwa aibu. HealthCare.gov, tovuti ya serikali ya bima ya afya, ilifunguliwa 1 Oktoba 2013, na siku hiyo ya kwanza watu 6 tu ndio waliokamilisha kujiandikisha. Hitilafu zilikuwa nyingi, msongamano ukiwa mojawapo. Kufikia Desemba waliweka foleni ya wazi: tovuti ikielemewa, unaacha barua pepe, unaarifiwa zamu yako ikifika.

Baraza letu la Mitihani, tuseme haki, hutoa kurasa nyepesi, shule moja ukurasa mmoja: namba, jinsia, pointi, daraja. Hakuna picha, hakuna mbwembwe. Laiti tovuti zote za umma zingekuwa kavu hivyo siku ya kishindo.

Basi, ndugu zangu wa TEHAMA, kabla dirisha lolote la maombi halijafunguliwa, andaeni ukurasa wa "tumejaa, rudi baadaye". Na dakika za kurudi zitofautiane kati ya mtu na mtu, maana mkiwaambia wote dakika kumi, watarudi wote kwa pamoja.