Arushaye Mpira Naye Ashike Gongo

Lipo swali ambalo walimu wa michezo hulizusha kila msimu wa mashindano unapokaribia, nalo huonekana dogo hadi mtu alitafakari vilivyo. Je, katika mchezo wa raunda, msichana anayerusha mpira apewe zamu ya kushika gongo kama wenzake wanane, au nafasi yake ya kupiga ikabidhiwe mwingine aliye hodari zaidi? Hapa Lodwar, na kule Kakuma umbali wa kilomita zipatazo 120, raunda ni mchezo wa maskini na tajiri. Kipande cha mti, mpira wa matambara na mawe manne ya kuonyesha vituo vyatosha. Kwa sababu hiyo swali hili lawagusa watoto wengi, na jibu lake lafaa kutolewa bila kusitasita.

Wamarekani wamelumbana juu ya jambo hilo hilo kwa zaidi ya karne moja katika besiboli, mchezo ulio ndugu wa raunda. Tangu mwaka 1906 kocha Connie Mack alikwisha kupendekeza kwamba mrushaji asipige. Pendekezo hilo lilikaa kapuni hadi mwaka 1973, ligi ya American ilipomruhusu mpigaji mteule, yaani mtu asiyekwenda uwanjani kudaka mpira bali kazi yake ni kupiga tu kwa niaba ya mrushaji. Wa kwanza kuitwa alikuwa Ron Blomberg wa New York Yankees, tarehe 6 Aprili mwaka huo. Ligi ya National ilishikilia mila ya zamani kwa takriban nusu karne, ikasalimu amri kabisa mwaka 2022.

Sababu za mageuzi hayo hazikuwa za kipuuzi. Kurusha mpira kwa kasi na ustadi ni kazi inayomaliza mazoezi yote ya mtu, hata hana wasaa wa kujifunza kupiga. Katika miaka ya mwisho ya mila ile, warushaji walifaulu kupiga karibu mara moja tu katika kila mara kumi. Watazamaji walichoka, nao wenye timu walichelea kwamba mrushaji waliyemlipa mamilioni angeumia akikimbilia kituo. Kwa mtu mzima aliyeajiriwa kufanya kazi moja, hoja hizo zina uzito, wala sina haja ya kuzipinga. Mwaka 2024 Shohei Ohtani, Mjapani ambaye kwa kawaida hurusha na kupiga pia, hakuweza kurusha kwa sababu kiwiko chake kilikuwa kikipona baada ya upasuaji. Kanuni ya mpigaji mteule ilimwezesha kuendelea kucheza, akapiga mipigo 54 ya kuvusha uwanja.

Hata hivyo, Ohtani huyo huyo ndiye aliyewaumbua waliodai kwamba kazi hizo mbili hazichangamani. Mwaka 2021, na tena mwaka 2023, alitawazwa mchezaji bora wa ligi yake akirusha na kupiga. Babe Ruth, ambaye jina lake limekuwa sawa na upigaji, alianza akiwa mrushaji. Lau angeambiwa akiwa mvulana kwamba gongo si lake, nani angalijua?

Hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Katika kriketi, wachezaji wote kumi na mmoja wamo katika zamu ya kupiga, awe mrushaji au la. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya iliwaangusha West Indies katika Kombe la Dunia. Vijana wetu walikuwa wamepoteza wapigaji sita kabla ya kufikisha mikimbio 100. Ndipo Hitesh Modi na Thomas Odoyo, mrushaji ambaye hakuwa ametimiza miaka 18, wakasimama kidete na kuisogeza timu mbele. Kenya ikamaliza kwa mikimbio 166, na West Indies wakatolewa wote kwa 93. Siku ile tulihitaji mikono ya warushaji mara mbili: kwanza kwenye gongo, kisha kwenye mpira. Kama kanuni ingaliwafungia nje ya zamu ya kupiga, pengine leo hatungekuwa na la kusimulia.

Wapo watakaonijibu kwamba hali ya Turkana ni ya pekee. Katika shule za kambi ya Kakuma, iliyofunguliwa mwaka 1992, darasa moja huweza kuwa na wanafunzi zaidi ya 100, na shule ikawa na gongo moja tu. Je, si afadhali kumpa mtoto wa kumi nafasi, mmoja arushe na mwingine apige? Hoja hii ndiyo nzito kuliko zote, nami naipa heshima yake. Lakini tuitazame kwa makini. Kanuni hiyo haimwongezei yeyote mchezo. Huukata mchezo wa mtoto mmoja vipande viwili na kuwagawia wawili. Isitoshe, huyo wa kumi hawi yule mnyonge aliyesimama pembeni akisubiri kuitwa. Kocha anayetafuta kombe la kaunti atamchagua msichana mwenye misuli, ambaye tayari anajulikana kwa kupiga. Mnyonge atabaki pale pale pembeni. Dawa ya wingi wa wanafunzi ni kuunda timu nyingi na kuchonga magongo mengi, si kupunguza zamu za waliomo.

La muhimu zaidi, mwalimu hawezi kujua kipaji cha mtoto ambaye hajawahi kujaribiwa. Rose Nathike Lokonyen alifika Kakuma akiwa mtoto mkimbizi kutoka kusini mwa Sudan. Kasi yake ilitambulikana katika mbio zilizofanyiwa kambini. Mwaka 2016, huko Rio de Janeiro, ndiye aliyebeba bendera ya timu ya kwanza ya wakimbizi katika historia ya Olimpiki, akakimbia mita 800. Kati ya wanamichezo kumi wa timu ile, watano walikuwa wakimbiaji waliotoka Kakuma. Lau nafasi za mbio zingegawiwa tu waliokwisha kujulikana kuwa wakimbiaji, vipaji hivyo vingezikwa mchangani. Mbuyu ulianza kama mchicha, na mchicha haukui ukinyimwa maji.

Sisemi kwamba mtoto ateswe. Jua la Lodwar, lenye joto la nyuzi 35 na zaidi, si la kufanyiwa mzaha. Aliyerusha kipindi kizima chini ya jua hilo huenda akashindwa kukimbia vituo vinne. Lakini tiba ni mwalimu kuwafunza wasichana watatu au wanne kurusha, awabadilishe kwa zamu, na kupanga mechi asubuhi au alasiri jua linapopunga. Aliyejeruhiwa apumzishwe bila ubishi. Kumpumzisha mgonjwa ni huruma, bali kumpokonya mzima gongo kwa sababu hapigi vizuri ni kumwambia asijifunze.

Na jambo hili halikomei uwanjani. Katika madarasa yetu tunao wapigaji wateule tele: mwanafunzi mmoja anayejibu kila swali, mwingine anayesoma kila shairi, wa tatu anayeshika chupa za maabara huku arobaini wakitazama. Matokeo ya siku moja hupendeza, na mgeni aliyezuru shule husifu. Mtaala wa umilisi unamtaka mwanafunzi achague mkondo mmoja kati ya mitatu afikapo sekondari ya juu. Uchaguzi huo una maana tu kwa aliyekwisha kuonja mambo mengi. Atachaguaje sanaa na michezo ambaye tangu utotoni alikuwa wa kurusha tu?

Kwa hiyo rai yangu kwa walimu ni hii. Muda wote mtoto yungali shuleni, kila anayeingia uwanjani arushe, adake, akimbie na apige. Tutapoteza mechi kadhaa kwa sababu ya mrushaji aliyekosa mpira. Na tupoteze. Ubingwa wa kazi moja una wakati wake, nao utakuja wenyewe watoto hawa wakiwa watu wazima wenye mishahara. Nanyi wanafunzi, mwalimu akikuambia wewe ni wa kurusha tu, mwombe gongo kwa adabu, na umwombe tena kesho.