MGENI KAPEWA JEMBE, SHAMBA LIMEFUNGWA

Leo tuongee kuhusu jambo ambalo magazeti hayaligusi kwa sababu halina waziri ndani yake, ila linakula hela za vijana wengi tunaofanya vibarua vya mtandaoni. Kampuni ya huko nje inakualika kama mgeni kwenye Microsoft Teams yake. Unapewa kazi, unaambiwa mafaili yote yako humo. Unabofya. Unakutana na maandishi kwamba huna ruhusa.

Wazee walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa wa siku hizi jembe wanakupa siku ileile ya kwanza, halafu hakuna anayejua ufunguo wa geti la shamba uko kwa nani.

Kwanza tuelewane. Ukiona ujumbe wa huna ruhusa, usigombane na mwenye kafe wala kampuni ya simu. Mtandao ukiwa mbovu ukurasa unazungukazunguka tu au haufunguki kabisa. Ule ujumbe maana yake umefika hadi mlangoni, wakakuangalia, wakakukataa. Hapo hata uhame kafe tatu hali ni ileile.

Sasa mlango wenyewe. Mimi ni wa fomu foo tu, sijasomea kompyuta, lakini hili nimelifuatilia hadi nikalielewa. Teams unayoiona ni kama sebule. Mafaili hayakai sebuleni. Faili likiwekwa kwenye chaneli ya kawaida linakaa SharePoint, kwenye tovuti ya ile timu. Likitumwa kwenye chati, linakaa OneDrive ya yule aliyelituma. Ndiyo maana unaweza kuchati na bosi vizuri kabisa, mnacheka, na faili bado likakugomea. Kuna mlango wa Entra (zamani ikiitwa Azure AD, jina lilibadilishwa 2023), ambao kazi yake ni kujua wewe ni nani. Kuna wa Teams. Kuna wa vikundi vya Microsoft 365. Kuna wa SharePoint. Mmoja ukifungwa, imekula kwako.

Huo wa SharePoint una ngazi nne: yeyote mwenye linki, wageni wapya na wa zamani, wageni waliokwisha kusajiliwa tu, na mwisho watu wa ndani peke yao. Kampuni nzima ikiwekwa ngazi ya chini, timu moja haiwezi kujipandisha juu yake. Kwa hiyo unapomlalamikia meneja wako jua kwamba hata yeye hana ubavu, mwenye ubavu ni jamaa wa IT aliyekaa ghorofa nyingine ambaye hata jina lako hajawahi kulisikia. Na akibadilisha, mabadiliko yanaweza kuchukua saa kadhaa hadi 24 kukufikia. Ukijaribu baada ya dakika tano ukaona bado, usianze matusi.

Lakini kabla ya kumfikia huyo jamaa, sisi wa kafe tuna ugonjwa wetu. Akaunti. Umealikwa kwa barua pepe moja, mashine uliyokalia imeachwa wazi na akaunti ya mteja aliyetoka saa moja iliyopita, au umeingia na ile barua pepe yako nyingine ya enzi za shule. Mfumo unaona mtu ambaye hakualikwa, unamkataa, na uko sahihi kabisa. Fungua dirisha la siri kwenye brauza, bandika linki humo, ingia na barua pepe ileile iliyoalikwa. Wakikutumia namba ya kuthibitisha, inadumu dakika 30, kwa hiyo fungua kikasha chako kwanza, usisubiri hadi muda wa kulipia mashine unakwisha. Ukiwa ndani ya Teams angalia pia pale juu kwenye picha yako kama umechagua kampuni iliyokualika. Na ukimaliza toka kabisa, maana anayekaa hapo baada yako naye ana macho.

Ugonjwa wa pili uko upande wao. Mfanyakazi anakopi anwani iliyoko juu kwenye brauza yake anakutumia. Kwake inafunguka, maana yeye ni wa ndani. Anakuapia kwamba linki ni nzima. Kukopi anwani hakutoi ruhusa! Mwambie kwa upole abonyeze kitufe cha kushiriki, aandike barua pepe yako, achague watu maalum.

Kuna na chaneli binafsi, ambazo zina tovuti yake pembeni, kuwa ndani ya timu hakukuingizi humo. Chaneli za pamoja, zilizokuja 2022, ndiyo kabisa: akaunti ya mgeni haiongezwi humo, wanataka mtu mwenye akaunti ya kazi au ya shule kutoka taasisi nyingine. Mwenye Gmail asahau. Na kama faili lilitumwa kwenye chati na mtu aliyeacha kazi, OneDrive yake kwa kawaida hufutwa siku 30 baada ya akaunti yake kufutwa. Hapo hakuna cha ruhusa, faili halipo.

Tuje kwenye siasa ya mambo haya, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Microsoft walileta wageni kwenye Teams Septemba 2017, na kampuni ilibidi iwashe yenyewe. Ikaja corona 2020, ofisi zikahamia majumbani, vibarua vikaanza kumwagika hadi kwetu. Februari 2021 wakageuza, ugeni ukawa umewashwa bila kuombwa. Milango ikawa wazi. Tangu hapo kampuni nyingi zinaifunga mmojammoja, na siwezi kusema hazina sababu. Septemba 2023 ilijulikana kwamba watafiti wa Microsoft wenyewe walikuwa wameweka hadharani linki yenye ruhusa kupita kiasi, ikaacha wazi terabaiti 38 za data za ndani, zikiwemo meseji zaidi ya 30,000 za Teams. Linki moja tu! Mwaka 2025 wakatangaza kuachana na utaratibu wa zamani wa SharePoint wa kufungua faili kwa namba ya barua pepe bila kusajiliwa, watu wa nje wawe na akaunti ya mgeni inayotambulika. Maana yake kuna linki za zamani zinazokufa hadi mtu akushirikishe upya.

Sina ugomvi na usalama. Ugomvi wangu ni nani analipa. Mfanyakazi wa ndani faili likimgomea anaenda kunywa kahawa, mshahara unatembea. Sisi tunalipwa kwa kipande. Kuna kampuni moja ya Ulaya iliwahi kunipa kazi ya kutafsiri, faili likagoma siku tatu nikingoja mtu wao wa IT arudi kutoka likizo, na tarehe ya kukabidhi haikusogezwa. Wakanikata kwa kuchelewa. Pesa ya kafe ya siku tatu hakuna aliyeiuliza.

Halafu kinachochekesha, mlango ukigoma sana yule mfanyakazi anachoka, anakutumia faili kwa WhatsApp. Milango minne yote imerukwa. Sasa faili lenye majina na namba za watu liko kwenye simu yako, wakati Tanzania tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 iliyoanza kutumika Mei 2023, na huko Ulaya wana yao kali zaidi. Likivuja, atatafutwa mgeni kwanza. Mimi siku hizi nakataa, namwambia aandike kwenye barua pepe kwamba ameamua yeye.

Mambo mawili ninayofanya sasa. Kabla sijakubali tarehe ya kukabidhi, naomba faili moja la majaribio, na nasema wazi kwamba saa zinaanza kuhesabiwa likifunguka. Likigoma, napiga picha ya ukurasa mzima pamoja na ile namba ndefu ya herufi na tarakimu inayotokea chini, naandika barua pepe niliyoalikwa nayo na saa niliyojaribu, naomba ipelekwe kwa IT kama ilivyo. Kwa ile namba wanaweza kulifuatilia tukio lenyewe, hawabaki kubahatisha.

Wadau wa Nairobi na Kampala mnaofanya hizi kazi, kwenu kuna mtu aliyewahi kupata mkataba unaolipa saa za kungoja? Kama upo, tupieni hapo chini jinsi kipengele chake kilivyoandikwa.