Telefone ya komite na kona za Ngomo

Ndugu wakulima, memba wa koperative,

Kila musimu tunawaeleza mbegu bora na namna ya kukausha mupunga. Leo tuongee juu ya barabara, kwani kule pia mavuno yanapotea, pamoja na mutu aliyeyabeba.

Musimu uliopita, mutunza-feza wa koperative moja ya bonde la Ruzizi alitoka Bukavu saa kumi na moja ya magaribi, akiendesha moto mwenyewe. Alibeba feza ya mauzo ya pamoja. Tangu asubui hakukula. Mununuzi alimungojesha siku muzima, kisha akapunguza bei. Njiani telefone ikalia na kulia: raisi wa komite, memba, na sisi wa-agronome pia. Swali lilikuwa moja: "Uko wapi? Feza iko?" Katika kona za Ngomo ikalia tena. Akaingiza mukono mufukoni. Kuinua macho, lori iko mbele. Mungu alisaidia, alivunjika muguu tu.

Watu walisema: "Ule anakimbizaka sana." Sisi tunasema hapana. Ni sisi tulimukimbiza. Mutu mwenye njaa, anayeogopa wezi na kuwaza namna atajitetea mbele ya memba, macho yake iko barabarani lakini mawazo iko mbali. Anachelewa kuona shimo, anachelewa kushika freni.

Wengine watajibu: koperative haina makuta ya malazi. Ni kweli, makuta ni kidogo. Lakini koperative ile imelipa hospitali, na mwenye kushika vitabu vyake alikaa nyumbani miezi tatu. Kulala usiku moja Bukavu kungekula feza kidogo zaidi.

Tunapendekeza haya yaingie katika sheria za ndani:
- Mutu asitumwe na feza peke yake.
- Akicheleweshwa, alale mujini, koperative ilipe.
- Asipigiwe telefone njiani. Yeye ndiye atasimama na kupiga, kwa mufano Nyangezi, kisha Kamanyola.
- Akifika, ale na apumzike. Hesabu ingoje kesho.
- Akisema "leo kichwa yangu haiko muzuri", aaminiwe, mwingine aende.

Sisi tumeanza kwetu: mikutano ya saa mbili asubui tumeisogeza saa ine, ili mutu wa mbali asitoke na giza. Tunaomba kila komite ijadili jambo hili katika mukutano mukuu ujao, mbele ya musimu wa kuuza.